Ufunguo wa Sauti na Hali ya Moyo

Mtungaji wa muziki wa sinema hutafuta mambo matatu kabla ya kuandika nota ya kwanza: mwendo wa mapigo, ufunguo wa sauti, na hali ya moyo anayotaka kuiamsha kwa mtazamaji. Aghalabu wanafunzi wa kwaya hufundishwa kuwa jambo la tatu ni mtoto wa la pili; yaani, meja huzaa furaha na maina huzaa huzuni. Fundisho hili ni jepesi kukumbukwa, na yamkini ndiyo sababu limedumu, walakini haliwezi kusimama mbele ya masikio.

Tazama sinema ya Out of Africa, iliyopigwa Kenya na kutolewa mwaka 1985. Ndani yake mna sehemu ya pili ya konseto ya klarineti ambayo Mozart aliitunga mwaka 1791, miezi michache kabla ya kufa kwake. Ufunguo wa sehemu hiyo ni D meja, ule ule ambao tarumbeta za Ulaya ziliuzoea katika shangwe za wafalme. Kwa fundisho la kwaya mtazamaji angepaswa kuchangamka. Kumbe hunyamaza kama mtu aliyeingia matangani. Kinachomnyamazisha ni mwendo: mapigo matatu matatu, ya taratibu mno, na klarineti inayoshuka kama pumzi ya mgonjwa.

Kinyume chake ni sinema ya Hatari! ya Howard Hawks, iliyopigwa Tanganyika ingali chini ya utawala wa Waingereza, ikatolewa mwaka 1962 nchi ikiwa huru. Henry Mancini alipotunga Baby Elephant Walk kwa ajili ya ndama wa tembo, aliwapa mwendo wa kutembea kwa madaha, na mzaha ukazaliwa hapo. Anayeupiga mbinja wimbo huo hauulizi ufunguo wake. (Jina la sinema ni Hatari, lakini wimbo huo hauna hatari yoyote.) Miongoni mwa ala ambazo Hawks alimpa Mancini kutoka Afrika zilikuwamo marimba za mkono.

Marimba hizo ndizo ziletazo swali hili nyumbani. Wagogo wa uwanda wa kati huziita ilimba. Mtu akisimama Mtera, katika njia ya kutoka Dodoma kwenda Iringa, penye bwawa lililozuia maji ya Ruaha Mkuu kwa ajili ya umeme, akauliza kama ilimba i katika meja au maina, ameuliza swali lisilo na jibu. Ngazi ya sauti za Kigogo haikutoka katika kinanda. Wataalamu wa muziki wanaieleza kuwa imefuata sauti ndogo ndogo ambazo uzi mmoja huzaa wenyewe unapotikisika, ikiwamo ya saba, ambayo iko chini ya nota ya kinanda kwa kadiri ya theluthi moja ya nusu-sauti. Tena katika ilimba vimo vyuma visivyoguswa na kidole. Hulia kwa kuitikia wenzao. Utando wa buibui uliobandikwa juu ya tundu huongeza mvumo, na mvumo huo una sehemu kubwa katika hisia ya wimbo, ingawa hakuna alama ya nota inayouandika.

Marehemu Hukwe Zawose, Mgogo aliyefariki mwaka 2003, aliupeleka mvumo huo mbali. Mwaka 2002 alitoa Assembly pamoja na Michael Brook wa Kanada, ambaye ni mtungaji wa muziki wa sinema pia. Huku nyumbani, mtoto wa Kigogo anayeimba sauti ile ya saba mbele ya kinanda cha kwaya huambiwa kuwa amepotoka. Sikio lake hurekebishwa mpaka lisahau.

Je, okestra ikitakiwa kuisindikiza picha ya Mtera, itaweza? Fidla inaweza, kwa kuwa shingo yake haina vigawanyo. Pembe za okestra zinayo sauti hiyo tumboni mwake: Benjamin Britten, katika Serenade yake ya mwaka 1943, alimwagiza mpiga pembe aiache itoke kama ilivyo, bila kuinyosha. Kila mpiga pembe anaijua, maana amefundishwa kuikwepa tangu uanafunzi wake.