Ukiona Vyaelea, Jua Vimeundwa

Wahenga walinena kwamba ukiona vyaelea, jua vimeundwa. Methali hii yatufaa sana wakati huu ambapo vijana wetu hapa Eldoret wanawaomba wazazi pesa za kununua kompyuta ili wageuze televisheni ya sebuleni kuwa sinema.

Majuzi mpwa wangu anayeishi mtaa wa Kapsoya alinijia akitaka nimtetee kwa mamake, ambaye ni dada yangu. "Mjomba, mwambie mama aninunulie kompyuta mpya," alinisihi. Pesa alizozitamani zilikuwa karo ya chuo iliyowekwa kando. Nilimwuliza swali moja tu: Je, wataka kuitumia programu hiyo au wataka kuiunda?

Mambo hayo mawili yanatofautiana kama vile kula ugali na kulima shamba la mahindi.

Programu aliyoitaka yaitwa LibreELEC. Ilichipuka mwaka wa 2016 kutoka mradi wa OpenELEC, na imejengwa juu ya Linux, mfumo ulioanzishwa na Linus Torvalds huko Finland mwaka wa 1991. Kazi yake ni moja: kuwasha Kodi, programu ya kuchezea filamu, muziki na picha. Hailipiwi hata senti.

Kwa kuwa haibebi mizigo mingine, haihitaji mtambo wenye nguvu nyingi. Kompyuta kuukuu ya biti 64 yenye memori ya gigabaiti 2 yafaa, na programu yenyewe hutoshea katika flashi ya gigabaiti 8. Apendaye kitu kidogo aweza kutumia Raspberry Pi 4, kompyuta ndogo mfano wa kadi ya benki, iliyotoka mwaka wa 2019.

Hata hivyo, kuna mambo ya kuchunga. Raspberry Pi 4 huhitaji chaja ya volti 5 na ampea 3, si chaja yoyote ya simu. Aidha, stima ikipotea ghafla, kadi yake yaweza kuharibika, kwa hivyo weka nakala ya picha za familia mahali pengine. Nazo kompyuta nyingi za kabla ya 2015 hukwamakwama zikipewa filamu za mtindo wa H.265, hasa zile za 4K.

Kuunda nako ni kibarua kingine. Mwundaji huteremsha msimbo wa mamia ya programu ndogo ndogo kutoka kwenye intaneti, kisha kompyuta huzigeuza moja baada ya nyingine hadi zitoe faili moja. Hapo utahitaji kompyuta inayoendeshwa na Linux, kwa mfano Ubuntu, makumi ya gigabaiti za nafasi kwenye diski, na memori ya gigabaiti 8 au zaidi. Isitoshe, mashine ya kawaida huchukua saa nyingi kuimaliza kazi hiyo. Wengi hawana haja ya kupitia hayo, kwani faili iliyokwisha kuundwa hutolewa bure.

Mpwa wangu aliamua kuanza na kutumia. Tuliifuta vumbi kompyuta iliyokuwa imelala chini ya meza ya dada yangu, tukaiunganisha na televisheni. Video ya kwanza haikutoka Hollywood. Ilikuwa arusi ya dada yangu ya mwaka wa 1998, iliyohamishwa kutoka kwenye kanda na studio moja mjini. Marehemu baba alisimama akawabariki maharusi kwa sauti yake nzito. Mpwa wangu hakuwahi kumwona babu yake akiwa hai. Dada yangu hakunena neno, ila aliomba irudiwe mara tatu.

Karo ililipwa. Kijana naye ameanza kujifunza kuunda, pole pole.

Mzazi, mwanao akija na ombi kama hilo, usimfukuze wala usikimbilie dukani. Keti naye, mhesabu pamoja anachohitaji, kisha mtazame kile kilichoko tayari nyumbani.