Namba ya baba mkubwa

Mimi akili haiko darasani kabisa. Baba mkubwa wa Bariadi alibanwa kifua Jumapili akipalilia pamba, akatoka jasho la baridi, akasema ni gesi. Akanunua dawa za vidonda vya tumbo, akajilaza. Alhamisi ndio wakampakia kwenye basi, kupitia Lamadi mpaka huku Mwanza, anahema tu.

Kipimo cha kwanza, kile kimeng'enya CK-MB, kikarudi kawaida. Mama mkubwa akashukuru Mungu. Mimi nikanyamaza. Msuli wa moyo ukifa, CK-MB hupanda baada ya saa chache, ndani ya siku 2 au 3 imeshashuka. Jumapili mpaka Alhamisi, si imeshajiondokea! Troponini (hii ni protini, si kimeng'enya, msije mkakosa maksi) hubaki kwenye damu hata wiki nzima. Yake ilikuwa juu. Juu sana.

Jioni kaka, mtoto wake wa kwanza, akapiga simu. "Daktari wetu, mzee ataweza kuvuna?" Daktari gani, mwaka wa tatu! Najua troponini ikipanda hivyo, mara nyingi msuli mwingi umekufa, na hatari ya kifo au moyo kushindwa kazi ni kubwa. Ila hiyo ni hesabu ya wagonjwa maelfu, haimtaji huyu mmoja. Na bado ultrasaundi ya moyo, bado figo. Figo mbovu nazo huipandisha.

Nikamwambia tu atafute vibarua wa kuvuna. Kimya. Halafu: "Kwa hiyo umeshaona."

Sikumjibu. Kesho saa 10 naenda wodini.