Jina Lisipojibiwa

Wahenga walinena kuwa kuuliza si ujinga. Mgeni anayekwenda Golbanti kwa mara ya kwanza hana budi kuishi kwa methali hiyo. Hushuka Garsen, karibu na mahali barabara ya Garissa na ile ya Lamu zinapoachana, akataja jina la mwenyeji wake. Aliyeulizwa Garsen aghalabu hamjui mwenyeji huyo, lakini Golbanti anaijua, naye humwelekeza huko. Wa Golbanti humwonyesha upande wa kijiji. Wa upande huo humfikisha mlangoni. Hakuna hata mmoja wao aliyekuwa na jibu zima, ila kila mmoja alimjua wa kuulizwa baada yake.

Tarakilishi nayo huitafuta tovuti vivyo hivyo. Binadamu huandika jina, ilhali mashine huhitaji nambari. Hapo awali majina yote yaliorodheshwa katika faili moja lililotunzwa na Taasisi ya Utafiti ya Stanford, Marekani. Mnamo mwaka wa 1983, Paul Mockapetris alibuni utaratibu wa kuugawa mzigo huo. Tangu hapo seva za mizizi huelekeza kwenye seva za .ke, zinazosimamiwa na KENIC, nazo huelekeza kwenye seva ya chuo au idara inayotafutwa. Muulizaji hupokea nambari kabla hajapepesa macho.

Chambilecho watu, safari haikosi kisiki. Tuchukue mfano wa mwanafunzi aliye likizoni Golbanti, tarakilishi yake ikipata intaneti kupitia simu. Anataka kukamilisha ombi la mkopo wa HELB kabla ya siku ya mwisho. Ukurasa haufunguki, kivinjari chadai kuwa tovuti haikupatikana. Waliomzunguka wakata shauri kwa kauli moja: "Hakuna mtandao." Kauli hiyo humgharimu nauli ya pikipiki hadi Garsen na malipo ya saibakafe, na mto ukiwa umefurika, huenda safari yenyewe isiwezekane. Ombi la karo ya mwaka mzima laweza kupotea hivyo.

Je, mtandao haukuwapo kweli? Swali hilo hujibiwa kwa hatua chache. Kwanza, mashine iulizwe nambari badala ya jina, kwa amri ya ping ikifuatwa na 8.8.8.8, nambari ya seva ya majina ambayo Google iliifungulia umma mwaka wa 2009. Nambari ikijibu na jina lisijibiwe, njia i wazi. Kilichokwama ni utafutaji wa jina. Pili, ijaribiwe tovuti nyingine. Ikiwa moja tu ndiyo isiyofunguka, tahajia yake ikaguliwe, kwani herufi moja hutosha kupoteza njia. Ikiwa ni sahihi, huenda kosa liko kwa mwenye tovuti. Tatu, tovuti hizo zijaribiwe kwa simu ileile inayoigawia tarakilishi intaneti. Zikifunguka huko, ila imo ndani ya tarakilishi.

Ila hiyo mara nyingi ni kumbukumbu iliyochakaa. Mashine huhifadhi majibu ya jana ili isiulize upya. Wakazi wa delta ya Tana hawahitaji kuelezwa sana hatari ya jambo hilo. Katika karne ya 19 ulichimbwa mfereji wa Belezoni kuuunganisha mto Tana na Ozi; baadaye maji yakaifuata njia hiyo, na leo Tana humwagika baharini karibu na Kipini. Jina la mto halikubadilika, mdomo wake ndio uliohama. Nahodha anayeshika ramani ya kale atalitaja jina sahihi na kufika pasipo mto. Kwenye Windows, amri ya ipconfig /flushdns huifuta kumbukumbu hiyo. Isipofaa, mipangilio ibadilishwe ili mashine iulize seva nyingine, kama vile 8.8.8.8 au 1.1.1.1.

Hatua hizi si ngumu. Kinachozifanya zisichukuliwe ni ile kauli ya "hakuna mtandao", ambayo hubeba salio lililokwisha, mlingoti uliozimika, tovuti iliyoanguka na jina lisilojibiwa, yote kwa pamoja. Wanafunzi na wahadhiri wa Kiswahili wamebishana kwa muda mrefu iwapo chombo hiki kiitwe kompyuta, ngamizi au tarakilishi. Mjadala huo una manufaa yake, lakini umekitaja chombo na kuyasahau maradhi yake. Mgonjwa asiye na neno ila "naumwa" hutibiwa kwa kubahatisha. Nyumba iliyozoea kutofautisha "njia imekatika" na "jina halijajibiwa" itajua ni lini ipande pikipiki, na ni lini itulie na kuuliza kwingine.