Risiti ya Mama na Maji ya Sebeya

Mali bila daftari hupotea bila habari. Mama mchuuzi wa Gisenyi, wilayani Rubavu nchini Rwanda, hulishika sana neno hilo. Alfajiri huvuka mpaka kwa miguu kwenda Goma na karoti na vitunguu. Jioni huhesabu alichopata, akaweka akiba. Risiti ya benki huifunga katika pembe ya kitenge, na nyumbani huitia katika kopo pamoja na nyingine.

Basi aambiwapo kwamba taarifa zote sasa zitamfikia kwa simu ili miti isikatwe, huguna. "Mwanangu," humwuliza karani wa dirishani, "siku simu ikizimika, nitaonyesha nini?" Tena hujiuliza moyoni: kinachookolewa ni mti, au ni gharama ya benki?

Mashaka hayo si ujinga. Mwenye akiba ndogo hana cha kupoteza mara mbili. Hata hivyo, kopo nalo si ngome. Usiku wa kuamkia tarehe 3 Mei, 2023, mvua kubwa ilinyesha, Mto Sebeya ukafurika na kubomoa nyumba nyingi Rubavu. Katika mikoa ya Magharibi na Kaskazini watu zaidi ya 130 walifariki. Nyumba ikichukuliwa na maji, kopo huenda nayo. Hesabu iliyoandikwa benki hubaki.

Lakini karatasi ni jambo dogo. Juu ya mabonde ya Sebeya ulikuwapo msitu mkubwa wa Gishwati. Katika miaka ya 1980, mradi uliogharamiwa kwa fedha za Benki ya Dunia uligeuza sehemu yake kubwa kuwa malisho na mashamba ya misonobari. Baada ya 1994, watu waliorejea kutoka uhamishoni wakapata makazi humo, na msitu wa asili ukabaki kipande tu. Mlima ulio uchi hauzuii maji wala udongo. Kumbe fedha yaweza kuupanda mti, na yaweza kuung'oa.

Kwa hiyo swali la mama kwa karani lingefaa liongezwe jingine: "Akiba yangu mnamkopesha nani?" Benki inayomkopesha mkulima achimbe matuta, au mama anunue jiko lisilokula makaa mengi, haihitaji maneno matamu. Mteja huona faida jikoni na shambani, naye huamini. Inayomnyima risiti tu, kisha ikajiita rafiki wa miti, isishangae akiguna.

Wakati huohuo, mama na apokee taarifa kwa simu, lakini kila jioni aandike hesabu katika daftari la shule. Namba ya siri asimtajie mtu, hata mwanawe. Na mara moja kwa mwaka aombe taarifa iliyochapwa. Karatasi moja haimalizi msitu, nayo humpa mwenye mali usingizi.