Chakula cha Injini

Kila kiumbe kina chakula chake, na kosa la mlishaji humwadhibu mlaji. Hili nilifundishwa na gari la mbio la rafiki yangu huko Stuttgart, Porsche 911 S ya mwaka 1967, ambayo injini yake hupozwa kwa upepo na mafuta, si kwa maji. Siku moja aliniazima. Kwa tamaa ya kuokoa fedha kidogo nikatia petroli ya oktani 95 badala ya 98. Katika kupanda mlima nikasikia mlio kama wa kokoto zitikiswazo ndani ya kopo.

Wengi hudhani kwamba oktani ni nguvu. Sivyo, oktani ni uvumilivu. Hupima uwezo wa petroli kustahimili joto na mgandamizo bila ya kuwaka yenyewe kabla ya kufikiwa na moto wa cheche. Mgandamizo wa injini ile ni 9.8 kwa 1. Petroli haba ya uvumilivu iliwaka kwa wakati usio wake, ikagonga pistoni. Injini ya mgandamizo wa 7.5 kwa 1 ingalitosheka na petroli ile ile. Kuipa 98 kungalikuwa israfu.

Nililegeza mguu, mlio ukakoma. Niliporudisha ufunguo nilikiri kosa langu. Rafiki hakunigombeza, alichelewesha cheche kidogo mpaka petroli ile ikaisha. Tangu hapo natambua kwamba amana hulindwa kwa maarifa, si kwa mapenzi matupu.