Shimo la Baba

"Baba watoto, shimo hilo umelichimba wewe."

Mama hakusema zaidi. Alikuwa amempakata binti yao wa miaka minne, mkono wa kulia umeshavimba. Usiku mvua ilinyesha, shimo likajaa maji ya tope, na mtoto aliyekuwa akifukuza kuku hakuliona.

Familia hiyo inaishi Iramba, mkoani Singida, si mbali na Sekenke, ambako Wajerumani walichimba dhahabu iliyotengenezewa sarafu mjini Tabora mwaka 1916. Hadi leo wachimbaji wadogo wanaitafuta. Baba huyo hukodi detekta, kifaa cha kutambua madini, lakini hakujua kulenga. Kikilia, alichimba eneo zima. Mara nyingi aliambulia msumari au kizibo cha soda, akaacha shimo wazi na kusogea mbele.

Jirani alitaka kuukanda mkono kwa maji ya moto. Mama akakataa. Aliufunga kwenye kibao chembamba bila kuuvuta, wakaenda hospitali. Mfupa ulikuwa umevunjika, ukafungwa plasta ngumu.

Wiki hiyohiyo baba alimfuata mchimbaji mzee amfundishe.

Mzee alianza na udongo. Udongo wenye chuma kingi huifanya mashine ilie ovyo, hivyo ni lazima kuirekebisha kulingana na ardhi ya mahali penyewe. Kisha sahani ya detekta ipitishwe polepole, ikiwa sambamba na ardhi, bila kuinuka mwishoni mwa kila mpito. Sauti inapokuwa kali zaidi, chora mstari chini. Geuka robo mzunguko, pitisha tena, chora mstari wa pili. Mistari inapokatana kama msalaba, ndipo kitu kilipo. Sauti ikiwa imetanda mno, inua sahani kidogo, itajikusanya katikati.

"Sasa chimba shimo la upana wa sufuria, si la kaburi," mzee akamwambia.

Akamfundisha pia kupima udongo uliotolewa. Shimo likinyamaza, kitu kimo kwenye rundo. Ligawe mara mbili, pima kila nusu, endelea kugawa hadi ukipate. Hakuna haja ya kuendelea kuchimba.

Ukilenga vizuri unaokoa nguvu na muda, na shimo dogo hufukiwa kwa dakika chache. Shimo likiachwa wazi ni mtego kwa watoto na mifugo, na maji yakituama humo mbu huzaliana.

Baba alitumia siku mbili kufukia mashimo yote ya nyuma ya nyumba. Dhahabu bado ni ya kubahatisha, siku nyingine hurudi mikono mitupu. Lakini jioni, kabla hajatua sururu, binti yake humkimbilia mlangoni na plasta yake na kuuliza swali lilelile:

"Baba, umefukia?"

Sasa anaweza kumjibu.