Mtani, Komedi na Admin wa Grupu

Mtu wa kwanza niliyemwona akimwigiza mwenye cheo mbele ya watu hakuwa kwenye runinga. Alikuwa mtani, hapa hapa Lusu, Unyamwezini, msibani kwa mzee aliyekuwa balozi wa nyumba kumi. Alivaa koti la marehemu, akashika fimbo yake, akazunguka uani akidai michango ya mwenge kwa sauti ile ile. Wajane walicheka huku wanafuta machozi. Kukasirika ilikuwa kazi bure, utani hauna kesi. Wazee wanasema utani wetu na Wazaramo ulitembea kwa miguu na misafara ya pembe, kutoka Unyanyembe hadi Bagamoyo. Mpagazi wa Kinyamwezi alipita nchi za watu. Alihitaji pa kulala, maji, na wa kumzika akifia njiani. Aliyekuzika alikuwa na haki ya kukucheka.

Mgodi wa dhahabu wa Golden Pride ulipoanza uzalishaji kwetu mwaka 1998, vijana walipata mishahara, na mishahara ikaleta madishi. Televisheni yenyewe Bara ilikuwa ngeni: ITV ilianza 1994, ya serikali ikafuata 2000, wakati Zanzibar walikuwa nayo, tena ya rangi, tangu miaka ya 1970. Sisi tulikuwa na banda la video: turubai, mabenchi, tivii ya chogo, jenereta inanguruma nje. Miaka ilivyosogea, kipindi kilichojaza banda kikawa Ze Comedy ya EATV, na kina Joti, Mpoki, Wakuvanga, Vengu na Masanja. Huyo wa mwisho tulimchukulia kama wa nyumbani, maana ukoo usio na Masanja huku hauko.

Mwenye banda alikuwa na tabia ya kuzima jenereta wakati wa taarifa ya habari, kuokoa petroli. Nani alipe kumsikiliza waziri akizindua kisima? Komedi ilimharibia hesabu. Watu walianza kudai habari iachwe, kwa sababu bila kumwona waziri mwenyewe akiongea, utamchekaje anayemwiga? Mama muuza karanga, ambaye sikuwahi kumsikia akitaja siasa, ndiye aliyekuwa akituliza watu: "Nyamazeni, huyu lazima watamfanya."

Kundi lile lilipohamia TBC, televisheni ya serikali, jina lilibaki nyuma, wakawa Orijino Komedi. Tulicheka bado, ila kwa macho yangu walevi na wanawake wa kuigizwa waliongezeka, mawaziri wakapungua. Mlevi hana wa kumtetea. Kwa kicheko kikali ilibidi kutazama Nairobi, ambako Gado, mchora katuni mzaliwa wa Dar es Salaam, alianzisha XYZ Show mwaka 2009 na kuwapa marais vikaragosi vya mpira vyenye mashavu na pua za kutisha.

Kisha simu zikala banda. Januari 2016 serikali ilitangaza kwamba TBC haitarusha tena Bunge moja kwa moja, gharama ni kubwa; tutaonyeshwa usiku, baada ya kuhaririwa. Bunge likahamia saa za komedi, na komedi ikahamia WhatsApp. Lakini huko hapakuwa na utani wa kukulinda. Oktoba 2019 mchekeshaji Idris Sultan alibadilishana sura na Rais Magufuli kwa programu ya simu, akaitwa polisi. Mei 2020 alikamatwa tena, safari hii baada ya video aliyomo akiicheka picha ya zamani ya rais ndani ya suti iliyompwaya.

Siku hizo shangazi yangu, admin wa grupu la ukoo, ambaye msibani alikuwa na watani wasiopungua watatu wa kugombana nao, aliandika chini ya klipu moja ya aina hiyo, kwa herufi kubwa: "FUTA HIYO. MIMI NDIYE ADMIN." Tulifuta. Zilibaki salamu za asubuhi zenye maua na matangazo ya michango.

Juzi mpwa wangu aliweka TikTok kipande akimwiga mwenyekiti wa kitongoji anavyotembea na anavyosoma mapato na matumizi: mapato kwa sekunde moja, matumizi hadi simu inaisha chaji. Mwenyekiti alikipata kabla ya chakula cha mchana. Akaja mwenyewe, akakaa, akaomba maji, akamwambia mpwa:

"Mjomba, mimi natembea hivyo?"

"Hapana, Mzee. Nilizidisha kidogo."

"Na hiyo kofia umeitoa wapi?"

Walimalizana kwa soda, aliyelipa ni mwenyekiti. Klipu bado ipo, na shangazi ameiweka status.